Mguu Sawa Kwenye Kiti

Konstebo Lakot alijua mambo yameharibika asubuhi ile alipopaka rangi ya viatu kwenye mkate.

Rangi nyeusi, ya kopo. Kiatu kilikuwa magotini, mkate mezani, akili yake imeshatangulia kwenye geti la mpaka wa Uganda na Kongo, pale Mpondwe, inabishana na madereva, basi mkono ukajichagulia wenyewe. Akauma. Akatafuna. Alikuwa kwenye tonge la pili ndipo akaona kwamba kiatu nacho kinang'aa kwa siagi.

Ayaa, mke wa Sajenti Apollo, alikuwa anafua mbele ya mlango wake. Nyumba za kambi ya Bwera zinatazamana, mtu hawezi hata kupiga chafya bila jirani kumtakia afya njema.

"Lakot! Midomo yako iko nyeusi hivyo, umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate ya wapi hiyo?"

Lakot akafunga mlango.

Na mkate ulikuwa mwisho tu wa orodha. Kope ya jicho la kushoto ilikuwa inaruka tangu mwezi wa pili. Inaruka yenyewe, bila ruhusa, na kwa askari anayesimama getini kupekua malori jambo hilo si dogo. Dereva mmoja wa fuso alidhani anakonyezwa, kesho yake akamletea nanasi na picha yake ya pasipoti. Shingo iligeukia upande mmoja tu, ule wa Kongo. Usiku alisaga meno hadi asubuhi taya linauma kana kwamba amekula mfupa. Na alikuwa anasahau: jina la mchungaji, siku ya zamu yake, mstari wa pili wa wimbo ambao yeye mwenyewe ndiye anayeuanzisha kwayani.

Ukimuuliza una shida gani, alikosa la kutaja. Hakufiwa, hakuachwa. Ni honi tu, tangu asubuhi mpaka jioni. Ni magunia mia mbili ya kufungua na kufunga. Ni foleni ya maji, ni dada yake wa Gulu anayemtumia kwenye simu sauti ya dakika kumi na moja kila siku na kuuliza kwa nini hajajibiwa ile ya jana. Vitu vidogo vidogo, kimoja kimoja hakina kesi.

Sasa juu ya hayo yote ikaja habari njema, ikamalizia kazi. Baada ya miaka sita ya ukonstebo, jina lake lilitoka kwenye orodha ya kozi ya ukoplo. Akifaulu, anaondoka getini. Akikosa, anarudi nyuma ya foleni, na ile foleni aliijua, kuna watu wamezeekea humo. Kilichobaki ni fomu ya daktari tu: macho, masikio, kifua, mkojo, presha. Vitu kumi. Tisa vilipita kama maji.

Daktari alikuwa Kasese, kwenye kliniki ya askari, na alikuwa mtu mpole sana. Afande Mugume. Sauti ya chini, mikono ya joto, na nyota tatu kila bega. Lakot aliingia, akapiga saluti mpaka karatasi za mezani zikatikisika, akaketi pale alipoonyeshwa. Miguu pamoja. Mgongo wima, mbali na kiti. Kidevu juu. Macho kwenye kalenda ya ukutani.

"Unalala vizuri?"

"Ndiyo afande!"

"Una mawazo?"

"Hapana afande!"

"Mimi niko hapa karibu, dada, nasikia."

"Ndiyo afande!"

Mashine ikavimba, ikapumua, ikatoa namba. Mia na sabini na mbili juu ya mia na nne. Afande Mugume akapima tena, ikaja mbaya zaidi. Akaweka kalamu chini.

"Konstebo, hii presha siwezi kuisaini. Nakupa wiki mbili. Nenda ukapumzike. Ijumaa ya mwisho, saa kumi, orodha inafungwa."

Basi Lakot akaenda kupumzika kama mtu aliyetumwa. Aliandika ratiba, akaibandika ndani ya mlango. Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni: kupumzika. Saa moja kasoro dakika kumi: kumaliza kupumzika. Kila siku saa ilipofika alilala chali, akakunja ngumi, akakaza macho, akapumzika kwa nguvu zake zote hadi shuka likalowa jasho.

Kambi nzima ikajua, na kambi ikijua, kambi inatibu. Ayaa alisema kitunguu saumu, kibichi, punje sita. Syahuka, mpagazi wa pale mpakani, kijana wa milima ya Bwesumbu mwenye mabega kama mlango, alileta majani machungu kwenye chupa, akaapa bibi yake aliyanywa na mpaka leo anapanda mlima akipiga mluzi. Lakot akala vyote, akanywa vyote. Getini sasa madereva walifungua magunia yao wenyewe, haraka haraka, na kurudi nyuma hatua tatu, kwa sababu ya ile harufu.

Ni Syahuka aliyempeleka kwa Rachelle.

Rachelle alitoka Butembo, ng'ambo, na katika soko la Mpondwe aliuza maharagwe na mafuta ya mawese. Wateja walimwita Mama Katembo, kwa jina la mtoto wake mkubwa. Alikuwa mnene, mweupe wa meno, na kicheko chake kilisikika kabla hujamwona. Kaka yake muuguzi alimwachia mashine ya kupima presha, na Rachelle akaifanya kuwa zawadi ya biashara: nunua mafuta, upimwe bure. Yeye hakusema presha. Alisema tansio, kama kwao, na kwake ndio ilikuwa njo, watu walikuwa batu.

"Afande yangu!" akapiga kelele. "Weye njo ulimwaga maharagwe yangu siku ile! Leta mukono, nikuone kama uko na damu ao uko na petroli."

Lakot alikuwa nje ya zamu. Alivua viatu, akaketi juu ya gunia, akaegemea gunia jingine, akanyoosha mkono huku akimtazama muuza nyama anavyogombana na mbwa.

"Mia na kumi na nane juu ya sabini na sita," Rachelle akasoma. "Hii ni tansio ya mutoto."

"Mashine yako imekufa."

"Mashine yangu imekufa? Syahuka, kuja hapa!" Akampima Syahuka, akawa mzima. Akampima muuza nyama aliyekuwa bado anahema kwa ugomvi wa mbwa, ikapanda vilivyo. "Unaona? Iko inajua mutu na mutu. Kesho urudie."

Kesho ikawa mia na ishirini. Keshokutwa mia na kumi na sita. Lakot akachangamka, akaomba ruhusa, akaenda Kasese kabla ya siku kufika. Akapiga saluti. Akaketi. Mia na sitini na nane juu ya mia.

Afande Mugume alikuna kichwa. "Nimebakiza Ijumaa tu, Konstebo. Ikigoma tena, itabidi niandike kwamba hufai kwa sasa. Usinichukie."

"Hapana afande!"

Aliporudi sokoni kope ilikuwa inaruka kama panzi. Rachelle alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Lakot, ugonjwa yako haiko ndani yako. Iko Kasese. Ijumaa tunaenda wote. Nataka kuona hiyo mashine inayosumbua batu."

"Na meza yako je?"

"Maharagwe haina miguu, itanisubiri."

Ijumaa walipata lifti kwenye fuso ya vitunguu. Rachelle alikaa mbele na mkoba wake mapajani, mashine yake ndani, akasimulia vichekesho kutoka Bwera mpaka Kikorongo, na walipofika Kikorongo dereva akaomba msamaha, asimamishe gari kidogo acheke vizuri. Lakot hakusikia hata kimoja. Alikuwa anahesabu nguzo za umeme na kujiambia, tulia, tulia, tulia, kwa sauti ile ile anayowaambia madereva walevi.

Walifika saa nane na nusu. Foleni ikawachelewesha. Lakot alipoitwa, Rachelle aliinuka naye, na karani aliyejaribu kumzuia akajikuta ameshikishwa kitunguu.

Saluti. Kiti. Miguu pamoja. Kidevu juu.

Afande Mugume akamfunga mkononi kitambaa cha mashine, na chumba kikawa kimya, isipokuwa kwenye kona, ambako kitu kilianza kama kikohozi, kikawa mluzi wa pua, kisha kikapasuka. Rachelle alikuwa anacheka. Alicheka akishika ukuta.

"Mama," daktari akasema, "hapa si sokoni."

"Pardon, dokta. Pardon. Lakini niulize: unapima mutu ao unapima mti?"

"Unasema nini?"

"Angalia makalio yake! Hata kiti haijui kama iko na mutu!"

Daktari akainama, akaangalia kwa heshima, kwa pembeni. Kweli. Kati ya Konstebo Lakot na kile kiti palikuwa na makubaliano tu, hapakuwa na uzito. Mapaja yalikuwa yamekaza kama kamba ya mbuzi. Mabega yalikuwa jirani na masikio.

"Lakot," Rachelle akasema, "pumua."

"Nimepumua."

"Tangu tuingie haujapumua. Miye nahesabu. Sokoni kwangu unakaa kama gunia ya mihogo. Hapa umekaa na parade. Dokta, ni hizo nyota yako. Toa hiyo shati."

"Mama, hii ni sare ya serikali. Haitoki kama kofia."

Lakot alitamani sakafu ifunguke. Kukaa hivyo hakukuwa jambo alilolichagua. Chuoni walimfundisha kwamba mbele ya mkubwa mwili haulegei, na aliyeegemea kiti alikimbia uwanja mara kumi na gogo kichwani. Alijifunza hilo vizuri mno. Baada ya miaka sita halikuwa tena akilini, lilikuwa kwenye nyama.

Afande Mugume akageuza kichwa. Aliangalia kabati lililojaa mafaili ya makonstebo, akaangalia mabega yake mwenyewe, kulia, kushoto. Alikuwa anahesabu ni makonstebo wangapi aliwanyima saini kwa ajili ya nyota hizo, na hesabu haikumpendeza.

"Dada," akasema kwa upole kuliko siku zote, "jisikie uko nyumbani."

"Ndiyo afande!"

Mia na sabini na sita.

"Unaona? Umemutisha tena," Rachelle akasema. "Upole ya mukubwa inatisha kuliko fimbo."

Daktari akasimama. Akavuta shati chini, akarudi nyuma hatua mbili, akajaza kifua. Na sauti iliyotoka hapo haikuwa ya kliniki. Ilikuwa ya uwanjani, ya saa kumi na mbili asubuhi, yenye vumbi ndani yake.

"Konstebo! Mguuuu... PANDE!"

Miguu ya Lakot, akiwa ameketi vile vile, ikaachana yenyewe.

"Legea!"

Mabega yakashuka kutoka masikioni, mahali yalipohamia tangu mwezi wa pili.

"Mgongo kwenye kiti, egemea! Ngumi, fungua! Taya, achia! Kupumua, ndani... nje! Bila kujibu!"

Kiti kikalia kwa mara ya kwanza. Kalenda ya ukutani ikapoteza maana. Lakot akahisi kitu cha ajabu: kwamba alikuwa na tumbo, na tumbo lilikuwa linapanda na kushuka, na hakuna aliyelikataza. Wakakaa hivyo dakika tano. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mkoromo mdogo ukamponyoka.

Mia na arobaini na sita. Daktari akangoja, akapima tena. Mia na thelathini na mbili juu ya themanini na nne.

"Naandika hii," akasema.

"ASANTE AFANDE!" Lakot akaruka juu, mkono kichwani, na mashine ikamfuata, ikaning'inia kiwikoni kama pochi ya bibi harusi.

"Kaa chini!" Akakaa. Afande Mugume akaifungua mashine polepole, akaikagua kama imepona. "Sikiliza. Nasaini kwa sababu hii ndiyo presha yako. Lakini usiende kusema umepona. Mwili wako umekuwa kwenye paredi mwaka mzima, na hakuna mtu aliyekuja kuuambia utawanyike. Hiyo kope inaruka kwa nini? Shingo je? Unasahau vitu?"

"Nilipaka mkate rangi ya viatu, afande."

"Ukaila?"

"Nusu, afande."

Daktari aligeukia dirishani muda mrefu kidogo, mabega yakitikisika, nyota zote sita. Aliporudi alikuwa mkali tena, akamtajisha Lakot yote, kuanzia honi mpaka ratiba. Akamwagiza: kila akivua buti jioni, ajipe ile amri mwenyewe, kwa sauti, mpaka mwili usikie. Sauti za dada wa Gulu, moja kwa wiki. Ratiba ya mlangoni, aichome. Akapiga muhuri. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika kumi na tano, na ofisi ya kupeleka fomu ilikuwa upande wa pili wa mji.

"Na miye?" Rachelle akajitupa kwenye kiti, mkono umeshatoka. "Nimefunga meza yangu siku nzima. Nipime bure."

Akapimwa akiendelea kumsimulia daktari habari ya mbwa wa muuza nyama. Daktari hakucheka. Akapima mkono wa pili.

"Mia na themanini na nne juu ya mia na kumi na mbili."

"Ha! Si nilisema? Mashine yenu ni muongo!" Akafungua mkoba, akatoa yake, akamkabidhi Lakot. "Pima na hii, hii inanijua."

Lakot akapima. Akasoma kimoyomoyo, akasoma tena.

"Mia na themanini na sita," akasema.

"Mama, umeshawahi kujipima?" daktari akauliza.

"Miye? Ya nini? Miye niko muzuri. Miye nacheka."

"Unalala?"

Kicheko cha Rachelle kikakatika. Akaanza kukunja pindo la kitenge chake, akalikunjua.

"Nalala kidogo," akasema. "Kila asubuhi napigia batu sita. Ni ndugu zangu: wawili Butembo, bane upande wa Beni, kwenye vita. Batano bakiitika, naanza kucheka. Nacheka, nauza, nacheka, mpaka wa sita aitike. Siku ingine ni saa kumi njo anaitika. Sasa nifanye je? Nilie mbele ya wateja?"

Afande Mugume akachukua vidonge kwenye droo na kikombe cha maji, akasema ameze, kisha akae kwenye benchi la nje nusu saa bila kusema neno, ndipo apimwe tena, na Jumatatu arudi.

"Bila kusema neno," Rachelle akarudia. "Dokta, hiyo njo itaniua."

Benchi lilikuwa chini ya dirisha, upande wenye kivuli. Rachelle akaketi, akaonekana mdogo. Akamtazama Lakot aliyesimama na fomu mkononi.

"Weye kimbia. Saa inaenda."

Lakot aliitazama fomu. Muhuri ulikuwa bado unanuka wino. Akakadiria bodaboda, akakadiria foleni ya ofisini, akajua akiondoka sasa hivi atafika, na akingoja nusu saa hatafika. Miaka sita. Malori. Honi. Akaangalia mikono ya Rachelle inavyokunja kile kitenge, inakunja, inakunjua.

Akaketi. Akaegemea ukuta mpaka mwisho.

"Uko na wazimu?" Rachelle akanong'ona. "Kimbia!"

"Daktari amesema usiseme neno."

"Lakini kozi yako—"

"Neno hilo."

Kope ikaruka mara mbili, tatu. Lakot akaiacha iruke.

Mlango ukafunguka. Afande Mugume alikuwa ameshika funguo za pikipiki yake. Aliwaangalia wawili hao pale benchini, akaangalia fomu, akaangalia saa ya mkononi.

"Leta," akasema.

"Afande?"

"Fomu. Mimi napeleka."

Nyota tatu kumbebea konstebo karatasi! Magoti ya Lakot yalianza kunyooka yenyewe, mkono ukaanza kupanda, na Rachelle akamkamata mkanda kwa nyuma, akamrudisha chini kama gunia.

"Usisimame," daktari akasema. "Hiyo ni amri. Nikirudi nikute wote wawili mmekaa." Akaondoka, pikipiki ikakohoa, ikapotea barabarani.

Walikaa. Kuku wa kliniki walipita, wakarudi. Rachelle alijaribu kukaa macho kwa heshima ya mgeni, kichwa kikaanguka mbele, akakirudisha, kikaanguka pembeni, kikatua kwenye bega la Lakot, na hapo kikakaa. Alikuwa mzito. Alikoroma kwa sauti nene, kama mtu anayeburuta kabati. Mkono wa Lakot ulikufa ganzi kuanzia kiwiko, kisha bega zima, na hakuusogeza.

Saa kumi na dakika ishirini pikipiki ikarudi. Afande Mugume alikuja kwa hatua kubwa, kofia chini ya kwapa, macho mekundu kwa upepo.

"Konstebo! Karani alikuwa anafunga mlango, aliponiona akaufungua ten—"

"Shhh!" akasema Lakot, kidole mdomoni.

Kwa nukta moja wote wawili walishtuka, aliyesema na aliyeambiwa. Kisha daktari akashusha macho kwa Rachelle. Akatembea hatua zilizobaki kwa ncha za buti, mikono imepanuka kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, akamwekea Lakot risiti ya fomu juu ya goti, yenye muhuri wa kupokelewa, akaingia ndani na kuufunga mlango bila kuugongesha.